Ada ya Televisheni ya Shemeji

Zephania alisimama mbele ya mkutano, akakohoa kile kikohozi chake cha uenyekiti wa kitongoji, akatangaza kwamba kuanzia mwezi unaofuata kila nyumba italipa ada ya televisheni. Kila nyumba, iwe na televisheni isiwe nayo.

Yudith alikuwa amekaa nyuma akichambua maharage kwenye ungo. Alidhani hakusikia vizuri. Yeye hakuwa na televisheni, hakuwahi kuwa nayo, na hakuwa na hamu nayo. Alikuwa na redio ndogo, shamba la mahindi na usingizi mzito, na vyote vitatu vilimtosha.

"Hata mimi?" aliuliza, bila kuomba nafasi ya kusema.

"Hata wewe, shemeji."

Alimwita shemeji kwa sababu marehemu mume wa Yudith, Danieli, alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Siku nyingine neno hilo lilikuwa na adabu ndani yake. Siku hiyo lilitoka kama la mtu anayefukuza kuku.

Ili kisa hiki kieleweke, lazima kusema kitongoji chenyewe kilivyokaa. Kiko juu ya barabara inayopanda kutoka Makanya, nyuma ya kigongo cha mlima, na mawimbi ya televisheni yalikuwa yakigonga kigongo hicho na kurudi yalikotoka. Mwaka uliopita wakaamua kufunga mtambo wa kuyapokea na kuyarusha upya. Baragumu likapigwa, watu wakatoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kama wanavyotoka kutengeneza barabara au kujenga darasa. Yudith alibeba kokoto kichwani mpaka kileleni. Hakulalamika, maana msaragambo hauulizi nani atafaidi. Unatoka, unafanya kazi, unarudi nyumbani mgongo ukiuma.

Lakini mtambo unataka betri, unataka fundi, unataka mlinzi. Mwanzoni Zephania na kamati yake walisema watalipa wenye televisheni tu, na hilo lilikuwa neno la haki. Basi kamati ilipopita nyumba kwa nyumba, televisheni zikatoweka kama zimepigwa na upepo. Nyingine zilifunikwa vitenge zikageuka meza. Nyingine zilipandishwa darini zikalala na mahindi. Mzee Sifael, ambaye taarifa yake ya habari ilikuwa ikisikika mpaka kanisani, alisimama mlangoni akaapa kwamba ile ni redio. Mwisho wa msako, kitongoji kizima kilikuwa na televisheni moja, ya mwenyekiti mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anatafuta za wenzake.

Wenye akili wangewaumbua waongo. Zephania akaona ni rahisi zaidi kuwatoza wasio na kosa.

"Mawimbi yanaangukia kila bati," alisema. "Huko Ulaya ziko nchi ambako kila nyumba yenye televisheni inalipia, na hakuna anayelalamika."

"Yenye televisheni!" Yudith akasimama, maharage yakamwagika. "Umesema mwenyewe, yenye televisheni. Mimi ninayo? Njoo uitafute. Tafuta hata chini ya kitanda."

Watu wakacheka. Zephania hakucheka. Alikuwa mtu asiyependa kuchekwa, na hasa kuchekwa kwa sababu ya mwanamke.

"Asiyelipa," alisema polepole, "hatapata zamu ya ndiva."

Kicheko kikakatika hapo hapo. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe walilolichimba mababu. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku, asubuhi yanafunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Kiangazi kikibana, nyumba isiyo na zamu haina mahindi, na isiyo na mahindi haina chakula.

"Ndiva haijawahi kumwuliza mtu ana nini sebuleni," Yudith alisema.

Zephania akaomba mikono. Wa kwanza kunyoosha walikuwa wale wenye televisheni zilizolala darini, na Mzee Sifael alinyoosha juu kuliko wote. Wengine wakafuata kwa uoga, wakiangalia chini. Yudith aliwatazama mmoja mmoja, akawachukia wote kwa mkupuo.

Akala kiapo hatalipa. Binti yake Fortunata, anayeshona nguo Same mjini, alimpigia simu kumsihi.

"Mama, lipa tu. Nitakutumia. Ni hela kidogo."

"Ungekuwa ni mchango ningetoa. Huu ni ujambazi."

"Hapa mjini wanatucheka, mama, kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe kwa kesi ya kuku."

"Waache wacheke. Kuku ni wangu."

Asubuhi ya zamu yake alipanda kwenye ndiva na jembe begani. Samweli, mgawa maji, alikuwa ameinama kwenye mlango wa bwawa. Alipomwona alijifanya kuondoa majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua, nimefika."

"Mama, leo nimeambiwa nianze na nyumba inayofuata." Samweli hakuinua uso. "Mimi natumwa tu."

Yudith aliteremka na mfereji huku maji yakimpita kando ya miguu, safi, yenye haraka, yakielekea shamba la Zephania. Mahindi yake yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele, wakati ule ambao yakikosa maji hayasamehe. Aliinua jembe. Pigo moja tu kwenye ukingo, maji yangekuwa yake. Lakini Danieli ndiye aliyekuwa mgawa maji kabla ya Samweli, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kusema kwamba mke wa Danieli ameiba maji. Alilishusha jembe, akakaa kwenye ukingo, akalia kwa hasira mpaka kamasi zikamtoka.

Zamu ya pili ikapita vile vile. Majani ya juu ya shamba yakajikunja, mbelewele zikakauka zikawa rangi ya tumbaku. Jua halikuwa na huruma, na Zephania naye hakuwa nayo. Kila alipopita njiani alisalimia kwa sauti kubwa, shikamoo shemeji, kama mtu mwenye dhamiri nyeupe.

Upande wa chini wa shamba ulikuwa bado una uhai. Kwa ajili ya upande huo, Yudith alikamata jogoo wake, akamuuza, akaenda nyumbani kwa Zephania na kuweka ada mezani.

"Umeona sasa?" Zephania alisema huku akitabasamu. "Jambo dogo tu hili."

"Wanaanza saa ngapi?"

"Nani?"

"Televisheni. Nimelipa ada ya kuangalia, na kwangu haipo. Nitaangalia hapa."

Zephania alidhani ni utani. Jioni hiyo Yudith alikuja na kigoda chake, akakiweka katikati ya sebule, karibu kabisa na kioo, akakaa. Mke wa Zephania, Jenifer, alikuwa ameinjika makande. Yaliiva, yakanukia nyumba nzima, na hakuna aliyethubutu kuyapakua, kwa sababu watu hawali huku mgeni anawatazama, na kumkaribisha ilikuwa ni kukubali kwamba ni mgeni. Yudith hakugeuka. Aliangalia taarifa ya habari, akaangalia matangazo ya sabuni, akaangalia watu wasiojulikana wakibishana kuhusu mambo asiyoyaelewa. Alichukia kila dakika yake. Akakaa mpaka makande yakapoa.

Kesho yake alikuja na Husna, jirani mjane ambaye naye alikuwa amelipia hewa. Keshokutwa wakaja wengine. Wote hawakuwa na televisheni, na wote walikuwa wamelipa. Walijaza makochi, wakajaza mkeka, mmoja akakaa juu ya friji lililoharibika. Zephania alipotaka mpira, Yudith alitaka kwaya.

"Shemeji, hii ni fainali!"

"Nimelipa sawasawa na wewe. Weka kwaya."

Na kwaya ikawekwa, maana wanaotaka kwaya walikuwa wengi, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba wengi wakinyoosha mikono mambo yamekwisha.

Zephania akaanza kula jikoni. Mwenyekiti mzima, amesimama nyuma ya mlango, bakuli mkononi, moshi machoni, akitafuna kimyakimya ili wasimsikie sebuleni. Walimsikia. Jenifer aliacha kumsemesha mumewe, na hasira iliyobaki aliimalizia kwa wageni: alifagia chini ya miguu yao, aligonga masufuria, alisema kwa sauti kwamba wako watu wasio na haya. Yudith aliinua miguu afagie vizuri.

Mwisho Zephania akamfuata njiani, mahali pasipo na watu.

"Shemeji, nitakurudishia ada yako. Mwezi ujao usilipe. Kimya kimya, tusiambiane mengi."

"Na Husna?"

"Husna si ndugu yangu."

"Na maji ya zamu zangu mbili, utanirudishia pia kimya kimya?"

Hasira zikampanda Zephania.

"Wewe unadhani mtambo unaendeshwa na maombi? Kila mtu akisema si changu, kitakachosimama katika kitongoji hiki ni nini? Barabara? Shule?"

Hilo lilikuwa neno la kweli, na Yudith alilijua kuwa la kweli, ndiyo maana lilimchoma.

"Ungeniita nibebe tena kokoto ningekuja," alisema. "Ungeniomba, ningekupa hata jogoo mwenyewe. Wewe ulinifungia maji."

Akamwacha amesimama pale. Jioni alikwenda na kigoda chake kama kawaida.

Mavuno yakafika. Upande wa chini wa shamba ulimpa mahindi ya kujaza nusu ya kihenge. Upande wa juu ulimpa magunzi, mengine yana punje chache zilizosinyaa kama meno ya kizee, mengine hayana kitu. Yudith aliyavunja yote, hata yale matupu, akayajaza kwenye kikapu, akajitwika. Hakubeba kigoda siku hiyo.

Zephania alikuwa ametangulia kuketi, taarifa ya habari imeanza. Husna na wengine walikuwa bado hawajafika. Yudith aliingia bila hodi, akakigeuza kikapu juu ya meza ya kahawa, juu ya kitambaa cha Jenifer cha kufuma. Magunzi yakamwagika, yakabingirika mpaka chini ya televisheni.

"Haya ndiyo mahindi yangu uliyoyanyima maji," alisema. "Chakula changu kitakwisha kabla ya mvua. Kwa hiyo tangu leo nakula hapa. Jioni zote, mpaka nivune tena. Kama mke wa kaka yako anaweza kufa njaa nyumba ya pili na yako, itisha mkutano uwaambie watu."

Zephania aliangalia mlango, kama kwamba kuna mtu angeingia kumsaidia. Jenifer alikuwa amesimama penye pazia la jikoni. Aliokota gunzi moja sakafuni, akalipitishia kidole gumba pale punje zilipopaswa kuwa. Alikuwa amelima tangu utotoni, na hakuhitaji kuelezwa. Alimtazama mumewe kwa muda, na macho aliyomtazama nayo yalikuwa mabaya kuliko matusi. Kisha akaingia jikoni. Wakamsikia akichota unga mwingine na kuutia kwenye sufuria.

Alirudi na sinia, akaliweka katikati ya magunzi, akamnawisha Yudith mikono kwanza. Zephania, kwa kukosa pa kuweka uso wake, alichukua rimoti akaongeza sauti.

"Zima hiyo," Yudith alisema, akimega ugali. "Tunakula."

Zephania akaizima.