Dakika Hamsini na Tano za Hillary

Kaka yangu Hillary ni msomi. Sisi wengine tukitoka Nairobi kuja nyumbani Mghange, tunashuka Voi, tunapanda mlima, tumefika. Washamba, bwana. Yeye aliuliza simu yake, ikamwambia basi hadi Voi ni saa sita, lakini ndege hadi Mombasa ni dakika hamsini na tano. Akachagua ndege. Kwamba Mombasa iko mbele ya Voi, na angelazimika kurudi nyuma kilomita mia moja na hamsini, hilo simu haikuulizwa.

"Wakesho, nyinyi chokeni na mabasi yenu," aliniambia. "Mimi nitafika kabla yenu."

Tulikuwa tunamzika Baba. Kabla hajafa, alimshika Mama mkono, akasema udongo wa kwanza autie Hillary, kifungua mimba wake, si mtu mwingine. Mama akaahidi. Kwa hivyo watu wote pale walikuwa wanamngoja yeye.

Asubuhi alituma picha ya mawingu. "Niko juu ya Voi sasa hivi! Nawapungia!" Ala! Binamu yetu Elijah, aliyekuja na basi la usiku, alikuwa ashaoga, ashakunywa chai, na anafunga turubai. Akatazama juu, akapunga mkono pia. Adabu ni kitu cha bure.

Mchana jeneza lilikuwa kando ya kaburi, na Hillary alikuwa Mariakani, nyuma ya malori. "Nipeni nusu saa." Tukaimba. Tukaimba tena. Mchungaji akarudia mahubiri, safari hii akataja hata wema wa Baba ambao sisi watoto hatukuwahi kuuona. Hillary akapiga simu: yuko Voi, anatafuta gari la kumpandisha mlimani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kaka yangu ana kipara.

Halafu mvua ikaja. Maji yakaanza kuingia kaburini. Nilimwona Mama akiangalia barabara, kisha kaburi, kisha barabara. Nilimchukia Hillary, nasema ukweli.

"Mzee atalala majini," Mama akasema. "Mteremsheni. Wakesho, tia wewe."

"Mama, si uliahidi?"

"Tia."

Nikatia. Udongo ulikuwa umeshageuka tope.

Hillary alifika wageni wakiondoka. Akaona kaburi limefunikwa, maua yako juu. "Mama, kweli mlishindwa kuningoja hata kidogo?"

Mimi nilikuwa na maneno yangu, nimeyanoa tangu asubuhi. Mama akaninyamazisha kwa jicho. Akaingia jikoni, akamtolea sahani ya wali na maharagwe, akamvutia kiti.

"Kula, mwanangu," akamwambia taratibu. "Umetoka mbali."

Hillary aliishika ile sahani akalia, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nikaenda kumletea maji ya kunawa.