Abdulaziz na Kodi ya Ufuoni

Abdulaziz alikuwa na nyumba saba za wageni huko Diani, zimejipanga nyuma ya ufuo chini ya miti mikubwa ambayo mbega hawaachi kuirukia kutwa. Hakuzirithi. Alianza kwa kusafisha mabwawa ya kuogelea kwenye hoteli za watu, akapanda mpaka akawa msimamizi, akanunua kiwanja chake cha kwanza wakati ambapo wenzake walimcheka kwamba ametupa mshahara kwenye vichaka na mawe. Waliomcheka sasa walimwita Bwana Abdulaziz, na wawili kati yao walikuwa walinzi kwenye lango lake.

Mwaka huo kaunti ya Kwale ilileta mswada. Kodi ya ardhi ya viwanja vya ufuoni na majumba ya kifahari ingepandishwa, na fedha hizo ziende kwenye zahanati, ambulensi na maji ya vijiji vya ndani. Mazungumzo yakawa hayo tu, kuanzia Ukunda mpaka Vanga. Redioni watu walipigiana kelele asubuhi nzima. Hawa walisema mwenye nacho aongeze, kwani bahari si ya babake mtu. Wale walisema ng'ombe ukimkamua mpaka damu, kesho hukuti maziwa.

Wenye nyumba za ufuoni walikuwa na chama chao, na mwenyekiti alikuwa Gillian, mama kutoka bara aliyekuwa na jumba lenye ghorofa mbili karibu na maji. Aliwaita wanachama barazani kwake, wakanywa chai, wakakubaliana kwamba kwenye kikao cha kutoa maoni ya umma kule Msambweni lazima wapate msemaji mmoja mzuri.

"Mimi nikisimama wataona mtu wa kuja," Gillian alisema, akimgeukia Abdulaziz. "Wewe ni mwenyeji. Ukiwaambia kodi hii itaumiza watu wa Kwale, watakusikiliza."

Abdulaziz alikubali, na hakukubali kwa kuwa amesukumwa. Miaka michache nyuma mkandarasi mmoja alijenga tangi la maji kwa fedha za umma kijijini kwao, mbele kidogo ya Kikoneni. Tangi lilizinduliwa kwa ngoma na pilau, wageni wakapiga picha, na tangu siku hiyo halijatoa tone. Mbuzi ndio walioupata uhondo wake, maana hupumzika kivulini. Kila aliposikia neno kodi, Abdulaziz aliliona tangi lile.

Siku chache kabla ya kikao, dada yake Twaiba alishuka kutoka kijijini kuja kumwona. Alikuwa amemtangulia kuzaliwa, na ndiye aliyebaki nyumbani na mama yao wakati Abdulaziz akihangaika Diani. Sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya kijiji. Alikuja na kapu la muhogo na korosho alizozikaanga mwenyewe, akaingia moja kwa moja jikoni kama desturi yake, akaanza kumenya muhogo kabla hata hajakaribishwa kiti.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Huko nyumbani?"

"Tunamshukuru Mungu. Mvua imetupitia pembeni, lakini twaendelea." Akakata kipande cha muhogo, akakitia kwenye sufuria. "Nasikia utasema kikaoni."

"Nani kakwambia?"

"Ukunda ina siri gani? Nami pia nitasema. Nimeona nikwambie kwa mdomo wangu, usije ukanikuta kule ukadhani nimekuvizia."

Abdulaziz akavuta kiti, akaketi. Alikuwa hajalifikiria hilo hata kidogo.

"Dada, mimi sijawahi kuwanyima. Kitanda cha kujifungulia pale zahanati, nani alikileta?"

"Wewe, na Mungu akulipe. Sikuja kukukanushia wema wako."

"Basi niacheni nitoe kwa mkono wangu. Nikitoa mwenyewe naona kinakokwenda. Nikiipa serikali, ni kumwaga maji mchangani."

"Na mwaka ule hoteli zilipofungwa kwa maradhi, mkono wako ulikuwa wapi?"

Mwaka ule Abdulaziz alikuwa amewarudisha wafanyakazi makwao, na yeye mwenyewe alikuwa akila kwa mkopo.

"Sikulaumu," Twaiba alisema. "Hukuwa nacho. Lakini wanawake hawakuacha kuzaa."

"Hata kodi nisingeilipa mwaka ule."

"Pengine. Lakini zahanati isingekuwa imekutegemea wewe peke yako." Akafunika sufuria, akajifuta mikono kwa upindo wa leso yake. "Sema lililo moyoni mwako, Abdulaziz. Wewe ni mtu mzima. Ninakuomba moja tu. Usisimame ukasema kwamba unatusemea sisi."

Walikula muhogo kwa samaki, wakazungumza habari za shamba na harusi ya binti wa jirani, na mswada haukutajwa tena. Lakini Twaiba alipokwisha kuondoka, Abdulaziz alizunguka uani akiwakemea watunza bustani kwa makosa ambayo siku nyingine asingeyaona.

Siku ya kikao ukumbi wa Msambweni ulijaa mpaka milangoni. Wenye nyumba walikuwa wamewahi viti vya mbele. Nyuma yao walikaa wafanyakazi wa hoteli wakiwa na sare zao, kisha watu wa vijiji vya ndani, wengine wametoka mbali huko Jego. Kikao kiliongozwa na afisa mmoja mpole aliyeitwa Mathew, ambaye kila mara aliwakumbusha watu kwamba maoni yote yatachukuliwa, hata ya wanaopiga kelele.

Mtu wa kwanza kusimama hakuwa tajiri wala mkulima. Alikuwa mhudumu wa hotelini, jina lake Kahindi.

"Mimi naogopa," alisema. "Bosi akiongezewa kodi, hapunguzi raha yake. Anatupunguza sisi. Kabla hamjapitisha, tuambieni nani atatulinda."

Watu wengi wakapiga makofi, wa mbele na wa nyuma pia, kila upande kwa sababu yake.

Kisha Mathew akaita jina la Abdulaziz. Alisimama, akanyoosha kanzu, akashika kipaza sauti. Maneno alikuwa ameyapanga kichwani tangu alfajiri.

"Bismillahi. Sisi wenyeji wa Kwale," alianza, "sisi tuliozaliwa hapa..."

Hapo ndipo alipomwona Twaiba. Alikuwa ameketi upande wa wanawake, amejifunga leso ya rangi ya bahari. Hakumkazia macho. Alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama viganja vyake, kama mzazi ambaye mwanawe amesema jambo la aibu mbele za wageni. Abdulaziz akakishusha kipaza sauti. Ukumbi ulisubiri. Mathew akamuuliza kama anahitaji maji.

"La, ahsante. Naomba nianze upya." Akakiinua tena kipaza sauti. "Nilitaka kusema kwa niaba ya wenyeji, lakini hakuna mwenyeji aliyenituma. Najisemea nafsi yangu. Mimi ni Abdulaziz, nina nyumba saba za wageni Diani, na kodi hii siitaki."

Kicheko kikapita ukumbini, si cha ubaya. Gillian hakucheka.

"Sitawadanganya kwamba itaniua," Abdulaziz aliendelea, na sauti yake ikatulia. "Naweza kuilipa. Itanibidi niache mambo fulani, lakini watoto wangu hawatalala njaa. Sababu yangu ni nyingine. Kijijini kwetu kuna tangi la maji lililojengwa kwa fedha za umma, halina maji. Aliyelijenga alilipwa. Mimi jasho langu nalijua lilivyonitoka. Nikiombwa nitoe zaidi, nataka nioneshwe kwanza ni nani atakayeulizwa kitu kikiharibika. Leo sijaoneshwa. Kwa hiyo nasema hapana."

"Tajiri huyo! Mketisheni!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na wengine wakaanza kuguna. Abdulaziz akarudi kitini. Gillian, aliyekuwa jirani yake, aliinama akamwambia kwa sauti ndogo, "Umesema unaweza kulipa. Hilo ndilo watakaloliandika. Umetuangusha."

Miguno ilikuwa bado haijaisha Twaiba alipochukua kipaza sauti.

"Aliyesema mketisheni, nakuomba na wewe uketi," alisema. "Huyo ni ndugu yangu, tumbo moja. Amesema kweli yake, na hilo tangi analolitaja nalipita kila ninapokwenda shamba. Haongopi."

Ukumbi ukatulia. Kuna mzee mmoja aliyecheka na kusema kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Twaiba akatabasamu.

"Hatugombani. Ila mimi kodi hii naitaka. Nitawaambia kwa nini. Mama yetu alipougua, ndugu yangu huyu alituma gari, akapelekwa Mombasa, akatibiwa, akaishi miaka mingine tukiwa naye. Mwezi uleule jirani yetu Jumwa alishikwa na uchungu. Jumwa hana ndugu Diani. Alibebwa kwa pikipiki kwenye ile barabara yetu, na alipofika hapa Msambweni mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Mimi na Jumwa tunachota maji kisima kimoja. Tofauti yetu ni ndugu tu."

Hakupandisha sauti. Alizungumza kama mtu anayeeleza njia.

"Sadaka ni jambo jema, na dini imetufundisha. Lakini sadaka humfikia anayejulikana. Mwenye kutoa humtazama mtu wake, na si kosa. Kodi ndiyo inayoweza kumfikia asiyejulikana na mtu yeyote. Ndugu yangu anasema itapotea njiani. Huenda. Basi na aje tuilinde, yeye anayejua kuuliza maswali. Fedha isiyotolewa hakuna wa kuilinda."

Alipokwisha, aliketi, akaifunga leso yake vizuri. Makofi yalichelewa kidogo, kisha yakaja mengi. Abdulaziz hakupiga makofi. Alikuwa akimfikiria Jumwa, ambaye alimjua tangu utotoni, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya shamba. Habari ya mtoto alikuwa ameisikia kwenye simu wakati ule. Alisema maskini, Mungu ampe subira, kisha akauliza hali ya mama.

Kikao kilipovunjika alimkuta Twaiba nje akitafuta usafiri.

"Panda nikupeleke."

"Mpaka nyumbani? Wewe si una wageni?"

"Wageni wana wahudumu. Panda, dada."

Barabara ya kuingia ndani ilikuwa na mashimo mengi kuliko alivyoikumbuka, na ilibidi aendeshe polepole. Kwa muda mrefu alikuwa akituma tu, leo sukari, kesho mabati, na kijijini akifika kwa mazishi na Idi. Walipita mikorosho na mashamba ya mahindi yaliyonyauka ncha.

"Umekasirika?" Twaiba aliuliza.

"Kidogo. Umenitaja mbele ya watu."

"Nimekutaja kwa wema."

"Ndiyo maana imeuma." Akakwepa shimo. "Na bado sijakubali. Usidhani umenishinda."

"Sikuja kukushinda. Nilikuja kusema." Akamtazama, akacheka. "Lakini uliponiona pale ukaanza upya, nilimshukuru Mungu. Nilikuwa nimeshajiambia, huyu leo atatusemea wote mpaka waliokufa."

Abdulaziz naye akacheka, bila kupenda. Nyumbani alikula sima kwa mtsunga, mboga chungu ambayo jikoni kwake Diani hakuna aliyejua kuipika, kisha akatembea mpaka kwa Jumwa kumjulia hali. Hakwenda na kitu mkononi. Waliketi, wakazungumza, na Jumwa hakuonesha kushangaa wala kulalamika. Alimuuliza tu kama ni kweli kwamba tumbili wa Diani huingia ndani ya nyumba wakaiba mkate. Akamwambia ni kweli.

Wiki kadhaa baadaye bunge la kaunti likapitisha mswada, lakini ukiwa umepunguzwa makali. Kodi ingepanda kwa awamu, na kila zahanati itakayopata fedha hizo iwe na kamati ya wananchi yenye haki ya kukagua kazi kabla ya mkandarasi kulipwa. Wengine walisema ni ushindi, wengine wakasema ni kiini macho. Kuhusu hofu ya Kahindi hapakuandikwa neno, na kwenye hoteli moja wahudumu kadhaa walipunguzwa kweli, ingawa mwenye hoteli alisema ni kwa sababu ya msimu mbaya. Gillian alibaki akimsalimia Abdulaziz, ila hakumwita tena barazani kwake.

Abdulaziz alilipa. Alinung'unika, akaahirisha bwawa jipya alilokuwa amepanga kulichimba, lakini hakumwachisha mtu kazi. Kisha akaomba kuingia kwenye kamati ya zahanati, na wanakijiji wakamkubali, baadhi yao kwa kutaka kuona tu kama atadumu.

Ambulensi haikuja mwaka huo. Zilizokuja ni fedha za kuongeza wodi ndogo ya wazazi na kumweka muuguzi wa pili. Siku mkandarasi alipofika mbele ya kamati, Abdulaziz hakumpa nafasi ya kupumua. Alitaka kujua mbao zimetoka wapi, kwa nini simenti ni ya aina ile, msingi umechimbwa kina gani, na nani atakayerudi paa likivuja. Mkandarasi alitoa kitambaa akajifuta uso. Jumwa, aliyekuwa mjumbe pia, alijaribu mara mbili kuuliza habari ya choo, asipate mwanya.

"Bwana Abdulaziz," Twaiba alisema kutoka kiti cha mwenyekiti, kwa adabu zote, "hapa mtu akitaka kusema huinua mkono, kisha husubiri aitwe. Jumwa, endelea."

Abdulaziz akafunga mdomo, akaegemea ukuta. Baada ya muda, Jumwa alipokuwa bado anazungumza, akainua mkono.