Kitenge cha Vitana

Mdogo wangu Hamidou alikuwa rubani wa kindege cha watu wawili. Kazi yake ilikuwa kupiga picha namna maji ya ziwa yanavyokula ufuko wetu. Kila Jumamosi asubuhi alipita juu ya Rumonge, ninapoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, akainamisha bawa kunisalimia. Jioni alinipigia simu kutoka Bujumbura kunitajia kitenge nilichovaa. Akipatia, namtumia ndagala kwa basi. Akikosea, lazima aje kula kwangu Jumapili.

Ulikuwa mchezo wetu, na nilikuwa nimeuchoka. Wiki kumi na moja hakukosea hata mara moja! Chekundu aliona, cha ndizi aliona, hata kile cha bahari nilichokivaa ndani nje. Na tangu tumzike mama, mtoto huyo hakuwa amekanyaga mlango wangu. Kazi, dada. Wiki ijayo, dada. Nilikuwa napika chungu kidogo, nakula peke yangu, nalala na redio ikisema. Niliumia, sitaficha.

Basi nikaenda sokoni nikachagua kitenge cha kijivu, rangi ileile ya ndagala waliokauka, chenye vitana vyeupe vidogo kama ukucha. Jumamosi nikasimama katikati ya vichanja vya samaki. Nilikuwa nacheka mwenyewe. Nilishanunua na kuku.

Akapita mara ya kwanza, juu. Sikutikisika. Akazunguka akarudi chini zaidi, wanawake wakashika vichwa. Mara ya tatu niliuona uso wake. Alikuwa amegeukia pembeni, ananitafuta kati ya samaki, na mbele yake mitumbwi ilikuwa imeegeshwa, miti mirefu ya nyavu imesimama. Bawa likashika mti mmoja. Kindege kikapinduka majini.

Shabani, mvuvi jirani yangu, alimtoa akiwa hai, lakini alimfia kabla ya kufika nchi kavu. Baadaye akanivuta kando.

"Dada Mariyamu, alikuwa anasema maneno sikuelewa. 'Ambia dada, iko vitana. Vitana vyeupe.' Ni homa, eh?"

"Si homa," nilisema. Nikakaa mchangani.

Wachunguzi waliokuja walisema injini iliishiwa nguvu, kwa sababu rubani mzoefu hawezi kushuka vile kwa kupenda. Wakamkamata Léonard, fundi aliyeitengeneza ndege. Mke wake Kezia alikuja hadi kwangu kutoa pole, macho yamemvimba, na hakuniomba kitu. Afadhali angenitukana.

Nilipomweleza habari ya mchezo, Mjomba Assumani akanionya. "Nyamaza, mwanangu. Mutoto amekufa na jina zuri. Unataka watu waseme alikufa akicheza?"

Nilinyamaza siku nne. Jina la Hamidou lilikuwa zuri kweli, watu walilitaja msikitini. Na yale maneno ya vitana yalikuwa yangu peke yangu. Sikutaka kuyapeleka ofisini yakagongwe muhuri. Lakini kila nilipokula nilimwona Kezia akipika chungu kidogo kama changu.

Siku ya tano nikapanda basi kwenda Bujumbura. Mjomba hajanisalimia tangu siku hiyo.

Mchunguzi alikuwa mzee mwenye miwani. Nilimweleza mchezo wote, Shabani naye akaitwa kwa simu akathibitisha. Nikaweka kitenge juu ya meza. Alikipapasa, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha.

"Mama, mbona ulichagua kitambaa kisichoonekana?"

"Nilitaka akosee. Angekosea, angekuja kula."

Akaandika kwa muda mrefu. Akasema Léonard ataachiwa jioni hiyohiyo, kosa si la injini. Nikasema murakoze, asante, nikaanza kukunja kitenge changu.

"Na hakuwahi kuja?" akauliza.

"Alikuja," nikamwambia. "Polisi walitukabidhi mwili kesho yake. Aliingia kwangu Jumapili saa nne, na kuku alikuwa bado amefungwa mlangoni."