Sahani ya Mapembe

Mchele ulikuwa umeadimika Unguja, na Bi Kidawa, mjane wa Mkunazini, hakuamini hata kidogo kwamba ni meli iliyochelewa. Meli gani hiyo, jamani, inayochelewa kila bei inapotaka kupanda? Yeye maisha yake ni mkate wa kumimina: aroweke mchele, ausage kwa blenda, atie nazi na iliki, auchome, auze mlangoni. Siku ya nne hiyo blenda haijalia, na mteja akishazoea kwa mwengine harudi.

Zamani asingemuuliza mtu. Kwao walikuwa na bonde la mpunga, mpaka kaka yake Jecha alipowauzia watu wa kujenga nyumba za wageni. Sasa kisiwa kizima kinakodolea macho bandarini, na Kidawa anamkodolea Hisham, mwenye duka la ng'ambo ya kichochoro, ambaye kila asubuhi humwambia mchele umekwisha. Humwambia huku akimkwepa macho. Kidawa aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Adhuhuri Asila, mke wa Hisham, alimletea sahani imefunikwa kawa. Miaka ishirini wanaitana shoga, na baina yao sahani haijapata kurudi tupu: ikija na wali hurudi na mkate, na siku ya dhiki hata ndimu mbili. Kidawa alishukuru, akaketi, akatia tonge mdomoni. Akaacha kutafuna. Mapembe! Mchele ule ule anaosagia mkate wake, ulimi haukosei. Haya, kama dukani umekwisha, jikoni umetoka wapi?

Hapo kila kitu kikaanza kunuka. Alikumbuka mlango wa ghala ulivyofungwa Jumatatu mchana kweupe. Akamkumbuka Hisham akinong'ona na mchukuzi wa bandarini. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na hasira zikampanda. Aliteremka ngazi buibui upande upande, sahani akaiacha mezani.

Mbele ya duka aliwakuta wanawake kama saba wanauliza mchele. Kidawa aliwamwagia yote, kwa sauti ya kufika msikitini: Hisham anaficha, anangoja bei ipande, na mkewe anapika mapembe. Wanawake wakataka ghala lifunguliwe. Hisham alichukua ufunguo akafungua.

Ghala limefagiliwa. Gunia moja tupu limekunjwa pembeni, na panya keshahama. Yule mchukuzi, Hisham alisema kwa unyonge, alikuwa akimuuliza habari za meli tu. Kumbe alikuwa akimkwepa macho kwa kuona haya kumnyima jirani.

Asila alikuwa amesimama kizingitini, wala hakupandisha sauti.

"Kile kilikuwa kibaba cha mwisho nyumbani mwangu," alisema. "Siku nne siisikii blenda yako, nkajua huna kitu. Sisi tumekula muhogo."

Wanawake walianza kuondoka mmoja mmoja, bila ya kuagana. Kidawa alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimwita shoga yake, akamwomba radhi, maneno yakimgongana mdomoni: anakwenda kumchukulia sahani sasa hivi, ndimu zipo, na nazi moja ipo.

"Niletee sahani yangu, Bi Kidawa," alisema Asila. "Niletee tupu."