Bomba Nililolijaza Vumbi la Mbao

Siku niliyomkabidhi shemeji yangu Shekiondo shafti mpya, lile bomba linalozungusha mashine yake ya kusaga nafaka, nilikiacha chakula cha mchana bila kukigusa. Kwetu mteja hupima bomba kwa kuligonga kwa kidole, asikie kama ni nene. Nami, kwa kuwa bomba nene lilikosekana na shemeji alikuwa akinihimiza, nilikunja bati jembamba, nikalichomelea, nikalishindilia vumbi la mbao ili lisilie tupu. Aligonga, akacheka. "Shemeji, wewe huwezi kuniangusha," akasema, akaenda kuifunga kwenye mashine. Mchana ule nikajilaza kwenye benchi la karakana, roho ikinisuta, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi isiyo na miti, ila mabomba yaliyosimama, kila moja na uso wa mtu. Mwanamke aliyejifunga futi ya kupimia kiunoni akanijia, akasema anaitwa Hadhari. Mbele yetu alisimama bomba mmoja mrefu, amepakwa rangi akang'aa, jina lake Haiba. Alitwikwa magunia kichwani, moja juu ya jingine, asitikisike, nami nikafurahi kijinga. Ndipo wakaja ndugu wawili, Haraka na Hila. Mmoja alimshika kichwani, mwingine miguuni, wakamsokota kama watu wanaokamua kanga iliyofuliwa.

"Mtazame ubavuni," Hadhari akaniambia. "Akitwikwa wima anastahimili. Akisokotwa, ngozi nyembamba hukunjamana mshazari, na mkunjo wa kwanza ukishaingia, nguvu zote humwisha hapo hapo. Wala hapigi kelele kukuonya."

Mkunjo ukaingia. Nikamsihi awazuie wale ndugu.

"Mimi husikilizwa kabla," akajibu kwa upole. "Asubuhi ulinipita mlangoni, mwanangu, hata salamu hukunipa."

Nikataka kupiga kelele, ulimi ukawa mzito. Nikataka kukimbia, miguu ikaganda. Haiba akageuza uso, kumbe ni uso wa shemeji, na vumbi la mbao lilikuwa likimtoka mdomoni.

Niliamka, na hapo ndipo iliponiingia akilini kwamba ile sauti nzito niliyoitengeneza ndiyo iliyomfanya mume wa dada yangu asogee karibu bila hofu. Ng'ambo ya korongo, kwa shemeji, mashine ilikuwa imeshawashwa, na yeye husimama ubavuni mwa shafti akikinga unga. Nikatoka mbio na aproni yangu kiunoni, nikimwita, nikimwita tena, lakini mashine ilinguruma kunishinda. Nilikuwa bado sijalivuka korongo mashine iliponyamaza ghafla, bila mlio wowote wa kuonya.