Nyumba Iliyosafishwa kwa Bilimbi

Siku mbili kabla ya mwaka mpya wa Tet, Nhài alikaa kwenye ngazi ya jikoni akisugua chetezo cha shaba kwa bilimbi na majivu. Vinara viwili alikuwa amekwisha kuvimaliza, na vidole vyake vilikuwa vyeusi. Chini ya ngazi maji ya mfereji yalipita taratibu. Samaki walikuja juu kuonja matone ya bilimbi, wakayatema.

Katika nyumba ile sabuni ya dukani haikuingia. Bibi Chín, mama mkwe wake, alifuga samaki chini ya jikoni, na alisema povu linaloua samaki halitamwacha mla samaki. Kwa hiyo sakafu ilisuguliwa kwa kumbi la nazi na maji yaliyooshewa mchele, vioo kwa siki, masufuria kwa maganda ya ndimu. Kazi hiyo ilikuwa ya Nhài, kwa sababu ndiye mke wa mtoto wa kwanza. Mumewe, Lượng, alisafisha tundu la ndege wake. Wifi yake, Diễm, alisimamia tu, maana alikuwa amepaka rangi kucha.

Pale mferejini kila mtu anajua kwamba siku ya kwanza ya Tet ni ya ukoo wa mume, na ya pili mke huenda kwao kumsalimu mama yake. Nhài alikuwa hajaenda kwa miaka mitano. Mama yake, Bi Thoa, alikuwa mjane na goti lilimsumbua. Aliishi Cồn Lát, nusu siku kwa boti. Kila mwaka alimfungia binti yake mikate ya wali wa kunata kwa majani ya mgomba, na kila mwaka majirani ndio walioila.

Wala Bibi Chín hakuwahi kumkatalia. Alimwambia kila mara kwa sauti ya upole, "Nani amekuzuia, mwanangu? Maliza usafi, uende." Lakini usafi wa nyumba haujawahi kumalizwa na mtu mmoja.

Mwaka huu Nhài alianza mwezi mzima kabla. Alitoa utando wa buibui uliokuwa mzee kuliko Diễm. Aliosha upande wa juu wa makabati, akaosha na upande wa chini. Kilichobaki kilikuwa chetezo, na jioni ile, alipofuta jivu la mwisho, nyumba ilinyanyuka.

Nguzo zilichomoka kwenye tope moja moja, kwa mlio wa mtu anayevuta mguu matopeni. Nyumba ikapanda kiasi cha shubiri moja, ikatulia. Kesho yake ilikuwa imefika usawa wa vichwa vya minazi. Bibi Chín alishika kikombe chake cha chai kisimwagike, akasema enzi za mama yake nyumba nyingi zilipanda hivi, watu walipokuwa bado wanajua kusafisha. Lượng akaifunga kwenye mnazi kwa kamba ya boti.

Jirani yao, Bi Ngoan, alipita na mtumbwi, akatazama juu.

"Dada Chín, nyumba yako imepanda."

"Naiona."

"Na mimi nimesafisha, yangu haijatikisika hata kidogo."

"Umesafisha kwa kitu gani?"

Bi Ngoan akataja sabuni ya kopo.

"Ndiyo hiyo," alisema Bibi Chín.

Asubuhi ya siku ya pili ya Tet Nhài alifunga mkoba wake. Bibi Chín alizunguka vyumba vyote akipitisha kidole kila mahali, na kila mara kidole kikarudi safi. Akakubali kwamba kazi imekwisha. Wakati huohuo wakaingia ndugu kumi na wanne kutoka mjini, wakipanda kwa foleni ngazi ndefu iliyoegemezwa kwenye mnazi, na Bibi Chín akasema, "Nenda tu, mwanangu. Wageni watajichemshia chai." Kwa jinsi alivyolisema neno hilo, Nhài akauweka mkoba chini, akawasha jiko.

Adhuhuri, binamu mmoja aliyekuwa amekunywa pombe ya mchele alishuka kuisogeza boti yake. Akafungua kamba ya nyumba.

Upepo wa Tet hutoka mashariki. Uliichukua nyumba polepole juu ya mfereji, juu ya mashamba ya mpunga, na wageni waliendelea na karata zao. Walitafuna mbegu za tikiti na kutupa maganda sakafuni. Siku tatu za mwanzo wa mwaka hakuna anayefagia, asije akaifagia na bahati ikatoka mlangoni. Maganda yakazidi, nyumba ikazidi kuwa nzito. Alasiri ikatua Cồn Lát, katikati ya bustani ya mboga ya Bi Thoa, na kilichovunjika ni mtungi mmoja tu wa maji.

Bi Thoa alitoka jikoni kwake akifuta mikono.

"Umekuja na watu wengi," alimwambia binti yake. "Mikate haitatosha."

Nhài aliomba kushuka. Bibi Chín akauliza ashuke kwenda wapi, wakati jiko liko hapa na wageni wako hapa. Mama ndiye apande. Bi Thoa akapanda na goti lake, akawekwa pahali pa heshima, akakaa hapo muda wa kikombe kimoja. Kisha akaenda jikoni na kuchukua kitambaa.

Siku mbili waliosha vikombe pamoja. Bi Thoa alisimulia ndoa zote za Cồn Lát za miaka mitano, zilizosimama na zilizovunjika, na Nhài alicheka hadi akaegemea ukuta. Usiku alilala karibu na mama yake, aliyenukia majani ya mgomba. Kurudi hakukuwezekana, kwa kuwa kufagia kulikuwa mwiko.

Asubuhi ya siku ya nne Bibi Chín alimkabidhi Nhài fagio la chelewa. Diễm akainua miguu ili apite.

"Usiwe na haraka," Bi Thoa alinong'ona, ameshika kizoleo.

"Sina haraka, mama."

Alifagia mpaka saa nane. Kilipobaki chumba kimoja Bi Thoa akashuka, na nyumba ikapanda. Upepo ulikuwa umekwisha kugeuka. Bibi Chín alichungulia dirishani akapunga mkono.

"Tumefurahi sana, mkwe! Mwakani tena!"

Mfereji mzima ulimsifu Bibi Chín. Ni mama mkwe gani mwingine aliyempeleka mke wa mwanawe kwao, tena pamoja na nyumba nzima? Yeye alijibu kwamba hakuwahi kumzuia.

Mwezi wa mwisho ulipofika tena, Nhài aliuliza kama angeweza kwenda peke yake, kwa boti, siku moja tu. Lượng, Diễm na mama yao walimtazama kwa huruma.

"Boti ya nini, mwanangu?" alisema Bibi Chín. "Safisha, tutakupeleka."

Mwaka huo Nhài alipanda juu peke yake, akaanza na paa.