Mgongo wa Mpiga Ngoma Kubwa

Ngoma kubwa ya bendi ya polisi ilikuwa ngao ya Opoka. Bunduki ilikuwa imekalia kiti cha enzi mwaka wa tatu sasa, na Waacholi wenzake waliovaa sare walikuwa wakiitwa majina alfajiri, wanapandishwa lori, na lori linarudi tupu. Wapo wanaotuambia leo tusahau. Wasahau wao! Lakini wakubwa wale walipenda bendi, na mwenye ala kifuani aliachwa. Dhalimu ndivyo alivyo: kucheza anataka, mchezeshaji hamtaki.

Kisha Opoka akachelewa kusimama gari la Meja mmoja lilipopita kambini. Alipigwa vitako vya bunduki kiunoni mpaka akatambaa. Meja akainama, akamwambia kwa upole wa paka:

"Mimi nangoja wewe siku ya gwaride. Ngoma naanguka, wewe napanda lori."

Mkewe Concy hakulia. Alimkokota hadi Mengo, nyuma ya maduka ya mkaa, kwa Mama Nabintu, mkimbizi wa Bukavu aliyewahi kuwanyoosha wagonjwa migongo katika hospitali ya masista. Chumbani mwake palikuwa na kitanda cha chuma, mali ya Mhindi aliyefukuzwa mwaka uliotangulia. Mama Nabintu alikuwa ameng'oa springi zinazokaza wavu, akazining'iniza kwenye bomba juu ya kitanda, na chini yake akafunga mpini wa jembe.

"Lala chali, baba. Shika mpini. Inuka polepole, pingili kwa pingili, halafu urudi vilevile."

Opoka akainuka, jasho likimtoka. Mama Nabintu akamwonyesha Concy mahali pa kuweka vidole: kandokando ya uti wa mgongo, na chini ya kitovu, mle ndani kwenye msuli unaozunguka kiuno kama mkanda.

"Kuna upande unakaza, mwingine kimya," Concy akamwambia mumewe. "Kushoto kumelala, baba Laker."

"Ndiyo maana anapandisha bega," Mama Nabintu akasema. "Bega linafanya kazi ya mgongo uliolala. Litatetemeka, halafu litaanguka."

Wakawa wanakwenda kila jioni. Lakini Opoka alikuwa askari, na askari hujua hesabu moja tu: chuma kingi ndiyo nguvu nyingi. Mama Nabintu akitoka kununua mkaa, yeye anajiongezea springi. Na ajabu, aliinuka kama mtu aliyeitwa kula!

"Umeona?" akajigamba kwa Concy. "Mwanamume amerudi."

Wiki ya gwaride ikaingia na mazoezi ya bendi. Opoka akavaa ngoma. Hakufika hata mwisho wa uwanja: kiuno kikakatika, magoti yakagusa nyasi. Wenzake wakamzunguka upesi, wakapiga tarumbeta kwa fujo ili asionekane.

Mama Nabintu aliposikia, aliangalia zile springi, akacheka mpaka akafuta macho.

"Ee baba, weye! Springi zinatoka juu. Ziko nakubeba! Ukiongeza, zinakuinua kama mtoto mgongoni, tumbo linasinzia. Kilo za chuma unainua weye, springi hii inakuinua weye."

Akaziondoa moja baada ya nyingine, akaacha mbili nyembamba. Opoka akajaribu kuinuka. Akatetemeka mwili mzima kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, akaona aibu, akataka kuachia mpini.

"Usiachie!" Concy akapaza sauti, vidole mgongoni. "Kumeamka! Kushoto kumeamka!"

Kuanzia hapo alifanya kazi mwenyewe. Kesho yake alitetemeka hadi nusu ya njia tu. Keshokutwa mpini ulipanda umetulia. Mkesha wa gwaride Mama Nabintu akaondoa springi zote, akamkabidhi mpini mtupu, na Opoka akainuka.

Siku ikafika. Meja alikuwa jukwaani, kando ya mgeni wa heshima, mkubwa aliyemzidi cheo na aliyependa bendi kupita chakula. Opoka akapita, ngoma kifuani, mabega chini, kiuno kimefungwa kwa ndani. Meja akamtuma mtu kwa mkuu wa bendi: wazunguke tena. Wakazunguka. Jua likawaka juu ya kilima cha Mbuya, na ngoma haikuyumba.

Mkuu wa bendi akainua fimbo wasimame. Lakini bendi hufuata ngoma kubwa, na ngoma kubwa haikusimama. Opoka akapiga: dum! Tarumbeta zikamfuata. Mzunguko wa tatu, huo ulikuwa wake. Mgeni wa heshima akapiga makofi kwa furaha, "Endelea! Endelea!" Kwenye uzio, wake za askari wakapiga vigelegele, na wajane walikuwa mbele yao.

Mbele ya bendi ilitangulia bendera, na bendera ikipita, afisa husimama na kupiga saluti mpaka ipite. Opoka akapunguza mwendo. Dum. Dum. Akapita mbele ya Meja kama mtu asiye na haraka duniani, akamtazama kwa pembe ya jicho. Mkono wa Meja ulikuwa kwenye kofia, tumbo la pombe limemwagika juu ya mkanda, na bega limepanda hadi sikioni.

Bega lile lilikuwa linatetemeka.

Opoka akavuta pumzi chini ya kitovu, akaongoza bendi kwenye mzunguko mwingine.